Fundi Anajifunza Kuogelea Mezani

Watu wazima wasiojua kuogelea watakwambia wanaogopa maji. Uongo. Nimezunguka sana, nimeoga mito mingi kuliko madarasa niliyokaa, na ninachokijua ni hiki: mtu mzima haogopi maji, anaogopa kuchekwa. Maji yenyewe hayana habari naye.

Mchukue Fundi. Alikuwa na duka la kushona karibu na kivuko cha mtoni, pale nilipokuwa na kazi ya kufunga kamba, na mdomo wake ulikimbia kuliko cherehani yake. Sare za shule alishona yeye, mapazia ya ofisi alishona yeye. Basi kivuko kilipotaka majaketi okozi mapya, yale mtu anayovaa ili akianguka majini aelee, kazi akapata Fundi. Akashona kweli. Rangi ya chungwa, mishono miwili miwili, mikanda imenyooka. Ukiliona moja unatamani kuzama ili ulivae.

Kilichomponza ni desturi ya Nahodha. Pale kivukoni jaketi halipokelewi kwa kutazamwa. Yanarundikwa yote gatini, Nahodha anachomoa moja bila kuchagua, aliyelishona anafungwa kamba, analivaa, anaruka penye kina. Akielea, mzigo umepokelewa. Asipoelea anavutwa, na mzigo anarudi nao kwake. Kamba hiyo naishika mimi.

Fundi alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Nahodha, mimi ni fundi, si chura."

"Kama jaketi ni zima, chura wa nini? Wewe ruka tu, litakubeba," Nahodha akamjibu. "Jumamosi asubuhi. Uje na taulo."

Jioni akanifuata. "Kaka, nifundishe kuogelea."

"Kwani huruki na jaketi?"

"Naruka nalo. Lakini mwanamume si lazima ajiongezee?"

"Mpaka Jumamosi?"

"Cherehani nilijifunza kwa kuchungulia dirishani. Maji ni kitu gani?"

Nikamwambia twende mtoni. Hakutaka. Mtoni kuna watu wanafua, kuna watoto wanarukaruka, na yeye ana heshima zake, hawezi kuonwa na kaptura anatapatapa. Akataka tuanzie dukani. Akaondoa vitambaa kwenye ile meza ndefu ya kukatia, akalala kifudifudi, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaanza kurusha mikono na miguu.

"Naenda?" akauliza.

"Hujaondoka hapo ulipo."

"Nakuuliza mtindo, bwana!"

Akaingia mama mmoja kuchukua sare ya mwanawe. Akasimama mlangoni. "Fundi anaumwa?"

"Anaogelea," nikamwambia.

"Ahaa." Akaitazama sakafu kama mtu anayetafuta pa kukanyaga, akarudi alikotoka. Sare aliifuata siku nyingine.

Kesho yake nilimburuta mpaka mtoni, mahali pasipopita watu. Maji yalimfika magotini, na hapo akaota mizizi. Nikamwambia achovye uso. Akasema kuogelea ni mikono, uso unahusikaje? Mara maji ya baridi. Mara sikio lake ni bovu tangu utotoni. Mara tumbo limejaa, halafu tumbo hilohilo likawa tupu. "Kwanza nieleze vizuri," akasema, "nikielewa, mwili utafuata." Wasiojua kuogelea wote wanapenda sana kuelezwa.

Mara mkewe huyo, na ndoo ya nguo kichwani. Shemeji alizaliwa ng'ambo ya mto uleule. Kuogelea kwake kulikuwa kama kutembea.

"Baba watoto," akasema, "unaoga au umekwama?"

"Najifunza kuogelea."

"Nikufundishe mimi. Si nakwambia tangu unioe?"

"Mke amfundishe mume kuogelea! Watu watasema nini?"

"Watasema unajua kuogelea."

Nikaona tutakesha. "Fundi," nikasema, "kalete jaketi moja, ulivae, tuanzie hapo. Litakubeba."

Fundi akanyamaza. Mtu asiyenyamaza hata akiwa na pini mdomoni, akanyamaza. Shemeji akaitua ndoo, akamwangalia.

"Mume wangu. Lile godoro letu la sponji ulilosema umewapa maskini. Uliwapa maskini gani?"

Fundi akachota maji kiganjani, akayatazama. "Sponji ni sponji," akasema.

Siyo. Jaketi okozi linajazwa ile sponji nyeupe ngumu isiyoingia maji, na hiyo ilibidi kuiagiza mbali. Godoro lilikuwa chumbani. Sponji ya godoro inakunywa maji kama imelipwa, na ikishiba inakuwa nzito kuliko aliyeivaa.

"Watoto wetu wanavuka na kivuko hicho kila asubuhi kwenda shule," Shemeji akasema. "Yafumue."

"Nifumue kazi nzuri vile? Umeiona mishono? Na tangu lini kivuko kikazama? Hayo majaketi yanakaa chini ya viti, wanaoyatumia ni panya. Mimi Jumamosi napiga mikono kidogo tu, Nahodha anaona naelea, kwisha maneno."

Ndipo nikaelewa somo nililokuwa nafundisha. Bwana mkubwa alikuwa anajifunza kuogelea ili wasiojua wazame na majaketi yenye risiti.

"Usipoyafumua," nikamwambia, "namwambia Nahodha leo hii."

"Wewe shemeji shika kamba yako," mkewe akanikata. "Huyu niachie mimi."

Jumamosi gati lilijaa. Fundi alikuja na taulo begani na viatu vinavyong'aa, viatu vya mtu asiyekuwa na mpango wa kuruka. Nahodha akachomoa jaketi katikati ya rundo.

"Nahodha," Fundi akaanza, "leo nimeamka na tumbo..."

"Mikanda yote nimeshona mimi," Shemeji akasema kutoka nyuma. "Aliyeshona anaruka. Naruka mimi."

Mngeuona uso wa Fundi! Uling'aa kuliko viatu. "Kweli kabisa! Aliyemalizia ni mama watoto. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumpa heshima hiyo." Alipokuwa anamfunga mikanda nikamsikia akimnong'oneza: "Piga mikono kidogo tu, mke wangu. Kidogo tu."

Nikamfunga kamba. Akaruka.

Akaibuka, akaelea, watu wakashangilia. Halafu akaikunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali, akatulia. Maji yakafika kidevuni. Yakafika mdomoni. Mikono ameikunja vilevile, macho anamtazama mumewe.

"Mikono!" Fundi akapiga kelele. "Piga mikono! Piga mikono, utazama!"

Nahodha akageuka taratibu. "Kwa nini apige mikono, na amevaa jaketi lako?"

Kichwa cha Shemeji kikazama. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, nikaanguka chali: kamba ilikuja peke yake. Fundi akalia kweli, taulo limemdondoka, akaenda mpaka ukingoni, akasimama hapohapo ukingoni. Mke ndani ya maji, mume juu, na kati yao vile viatu.

Shemeji aliibukia kwenye ngazi. Alikuwa ameifungua kamba na kulivua jaketi chini ya maji, analivuta kwa mkono mmoja kama mzoga. Akapanda, akalibwaga miguuni kwa mumewe. Likatapika maji mpaka viatu vikaelea.

"Baba watoto," akasema, "godoro lako hili. Leo utalilalia wewe."

Nahodha alimrudishia mzigo wote. Fundi akafumua, jaketi baada ya jaketi, juu ya meza ileile aliyoogelea, akajaza sponji nyeupe kama inavyotakiwa. Na safari hii Nahodha alisema wazi: anaruka Fundi, hata mikanda iwe imeshonwa na malaika.

Aliruka. Niseme alisukumwa, na mkewe ndiye aliyekuwa nyuma yake. Alianza kupiga kelele kabla hajayagusa maji. Jaketi likambeba kama kibuyu, uso juu, macho kayafumba, na hakusogeza hata kidole.

"Fundi!" nikamwita kutoka gatini. "Sasa unaelea. Piga miguu basi, ujifunze kweli!"

Akafumbua jicho moja, akaliona gati lilivyojaa.

"Nijifunze ya nini? Si unaona naelea?" akasema. Halafu kwa sauti ya chini: "Vuta kamba, kaka. Taratibu. Watu wanatazama."

Nikavuta. Taratibu sana, wote wapate kuona.