Kivuli Kilichovuka Ua

Nilishona turubai la barazani kwa mkono wangu, kwa sindano kubwa kama mwiko. Jirani, mpima ardhi mstaafu, akaja kunishikia ngazi bila kuombwa. Nikamtilia shaka papo hapo. Yule hata salamu huitoa kwa kupima.

Tulilifunga asubuhi, kivuli kikatua juu ya kiti changu. Alasiri nikatoka na chai yangu, nikakuta jua limekikalia kiti na kivuli kimevuka ua, kimejilaza kwake.

“Umevuta kamba, mwizi we!” nikafoka.

“Jua ndilo limehama, mzee mwenzangu. Karibu, nimekuwekea kiti.”

Kumbe alishapanga viti viwili! Alijua tangu asubuhi. Nilikwenda, lakini nilikaa upande wa kuichunga kamba.