Gunzi la Sikuli

Watu wa mtaa wetu wa Murara walimcheka mume wangu Sikuli kwa kukoroma. Walisema ni shibe: muuza maharage aliyenenepa, asikorome kwa nini? Wangelala chumba kimoja naye, wangefunga midomo yao. Mkoromo wenyewe niliuzoea. Nilichokiogopa ni pale ulipokatika: kifua kimetulia tuli, mdomo wazi, mimi nangoja pumzi isiyokuja, mpaka nimsukume ndipo ashtuke kama mtu aliyeopolewa ziwani.

Apolline, muuguzi wa dispansari, alinieleza bila kuzungusha maneno.

"Mama Kasoki, akilala chali ulimi unarudi nyuma, unafunga njia ya pumzi. Mafuta ya shingo inabana, kasiksi inalegeza koo. Usiku hapumuziki, ndiyo maana muchana anasinzia. Apunguze pombe. Na umulaze ubavu, siku zote."

Kasiksi, pombe yake ya ndizi, aliipunguza kwa shingo upande. Mimi nikamshonea gunzi la mahindi mgongoni mwa shati la kulalia, kwa uzi mwekundu, maana ndio niliokuwa nao. Akigeuka chali lilimchoma, akarudi ubavu huku akinung'unika. Tuliishi hivyo, tukicheka.

Kisha akaja komiseri wa serikali. Tulisukumwa uwanjani tangu alfajiri, tucheze ngoma na kukipigia Chama makofi, na mgeni mwenyewe akafika jua limeshachoma vichwa. Sikuli alipoketi tu, usingizi ukamchukua. Katikati ya hotuba akakoroma. Uwanja mzima ulicheka, hata wakubwa kwenye viti vyao, lakini aliyebebwa na askari ni yeye peke yake, eti amemtukana Kiongozi wa nchi. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Nilikimbilia kasho walikomfungia, na lile shati mkononi. Askari wa mlangoni alilipapasa, akakuta kitu kigumu.

"Mama, hii ni nini?"

"Gunzi tu, papa. Inamukataza kulala chali. Akilala chali anakosa pumzi."

"Na huu uzi mwekundu? Hii ni dawa ya kwenu Butembo! Unataka mufungwa atutoroke?"

Alilinyofoa gunzi, akalitupa huko kwenye mawe ya volkano. Shati alilipokea.

"Basi waambie wenzake wamugeuze, papa. Nakuomba."

"Hapa si hoteli, mama. Rudi nyumbani."

Asubuhi nilikuwa mlangoni tena. Wakamwachia kijana mmoja, Wenceslas, aliyelala chumba kimoja na mume wangu. Nikamshika mkono, nikamwuliza habari za Sikuli. Akatabasamu, maskini, alitaka kunifariji.

"Papa alitusumbua sana, mama, kukoroma tu. Tulimuomba Mungu anyamaze. Kisha akanyamaza, na siye wote tukalala muzuri. Hata sasa bado amelala. Hatukutaka kumuamusha."

"Amelalaje?" nikauliza.

"Chali, mama. Ametulia kabisa."