Reli Iliyotiwa Samadi

Jumatatu moja ya mwaka 1934, Ndelilio, mjane wa kijiji cha Mwika, alizoa samadi chini ya ng'ombe wake wawili, akaigawa kihambani, shamba lake la nyumbani, kama kawaida: migomba kwanza, kahawa baadaye, na iliyobaki akaimwaga kwenye ncha za reli. Reli hizo zilipenya uzio wake wa masale na kuingia hatua tatu, zikakoma. Serikali ilikuwa imelijenga tawi hilo kutoka Moshi, fedha zikaisha hapo hapo uzioni, wajenzi wakakusanya sururu zao wakaenda zao. Kwa Mchagga, kitu kilichosimama kihambani hulishwa. Ndelilio hakuona sababu ya kuibagua reli.

Treni ilikuja mara mbili kwa wiki na mabehewa manne matupu. Watu wa juu mlimani walisema ukishateremka na mkungu kichwani hadi huko, shingo imeshazoea, bora uendelee tu hadi sokoni Himo. Karani wa stesheni, Zaidi, kijana wa Kiislamu kutoka Moshi mjini, alishinda kwenye kibanda chake cha bati akifukuza mbuzi.

Ijumaa aliona reli imerefuka kwa kimo cha mtu.

"Shikamoo mama. Umeitia nini?"

"Marahaba. Samadi. Ulitaka niinyime?"

"Hapana, mama. Iongeze."

Jirani wa Ndelilio, Priska, akaleta ya kwake, kisha Mwika nzima ikaleta. Mataruma ya kulalia reli yalichipua laini, ya kijani, yakakomaa juani kwa siku mbili. Reli zikapita hatua kumi kutoka nyumba ya Ndelilio, zikaruka mfereji, zikapanda mlima. Wiki moja kabla ya Krismasi zilifika kwenye soko la juu mlimani, na treni ikazifuata.

Jamani, watu walifurahi! Ilipanda mikungu, wakapanda mbuzi, akapanda bibi harusi na wapambe wake wote. Wazee waliofikishwa sokoni waligoma kushuka. Ndelilio alikwenda na kurudi mara saba kwa siku moja, akicheka hadi kilemba kikamdondoka mferejini, wala hakukifuata. Mabehewa manne yakawa kumi na mawili, na bado watu walining'inia milangoni wakiimba.

Januari akaja Bwana Mkubwa wa reli na mnyororo wa kupimia. Hakushangaa. Aliuliza tu kama reli imeota kwa upana unaotakiwa, akaambiwa ndiyo, akaridhika. Kisha akaeleza sheria: hatua thelathini kila upande wa reli ni ardhi ya reli. Ndelilio alipewa hadi masika awe amehama. Nyumba ilikuwa ndani ya hatua hizo, na kaburi la mumewe, Kornel, lilikuwa ndani zaidi.

Ndelilio alilia mchana kutwa. Alipomaliza alikata jani la isale uzioni. Mlimani pale kila mtu anajua kwamba ukipokea isale umesamehe, hata kama uliuliwa ndugu. Akampa Bwana Mkubwa kwa mikono miwili. Bwana akashukuru, akalinusa, akalichomeka kwenye kofia.

"Amelipokea?" aliuliza Priska.

"Amelivaa."

Basi akakata jingine, akalilaza juu ya reli. Reli zilikuwa zimekulia kihambani, desturi zilizijua. Kufikia saa sita mchana zilianza kusogea zikilalamika kidogo, zikaiacha nyumba, zikaliacha zizi, zikapisha kaburi la Kornel kwa adabu, zikazunguka pande zote duara zuri lenye nafasi, ndipo zikaendelea na safari yao ya sokoni.

Vigelegele vilisikika Marangu. Zaidi alirusha kofia ya kazi, ikanasa mgombani. Treni ilipofika ilizunguka nyumba nzima kabla ya kupanda, na abiria wakamwomba dereva arudie. Alirudia mara tano. Ndelilio alisimama katikati akiwapungia, akihisi kizunguzungu cha furaha.

Bwana Mkubwa alirudi na mnyororo wake. Alipima hatua thelathini kwenda nje ya duara. Kisha akapima hatua thelathini kwenda ndani, kutoka upande huu, kutoka upande ule, na vipimo vyote vikakutana kwenye mafiga ya Ndelilio.

"Anasemaje?" Ndelilio alimwuliza Zaidi.

"Anasema kote, mama."

"Kote wapi?"

"Kote ndani."

Nyumba haikubomolewa. Bwana aliiona inafaa kuwa stesheni, na dirisha la jikoni likawa la tikiti. Ndelilio sasa analala kwa Priska. Treni hujaa kila siku, huzunguka, watu hucheka na kupunga mikono, na yeye huwapungia, kwa sababu reli aliilea mwenyewe na bado anaipenda.

Kila alasiri, akitoka kukata majani ya ng'ombe, hutua mzigo wake, hushika foleni, hufika dirishani. Zaidi humwamkia, kisha humwuliza anakokwenda, maana ndiyo kazi yake.

"Jikoni," husema Ndelilio.

"Kwenda tu, mama, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu."

Zaidi huinamisha kichwa, humkatia ya kwenda na kurudi. Ile nyingine hairuhusiwi.