Jogoo wa Bweni la Nne

Chai ya jioni katika Bweni la Nne hunywewa saa kumi na moja. Baada ya chai, wanafunzi wa mwaka wa kwanza husuuza vikombe, hushuka hadi korido ya chini na kujipanga ukutani, kila mmoja akiangalia kifungo cha tatu cha shati lake mwenyewe. Anayeinua macho akamtazama usoni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupigwa kofi, na kofi hilo, katika Chuo cha Uhandisi cha Sarnagarh, huitwa salamu. Bango la kukataza uonevu limetundikwa papo hapo koridoni. Limewekewa kioo, na kila Jumatatu hufutwa vumbi.

Mwaka ule aliyesalimiwa kuliko wote alikuwa Tikaram Uikey, Mgondi wa vijiji vya msituni upande wa Mandla. Alikuwa mwembamba, msikivu, na mtihani wa hesabu alikuwa ameupita kwa alama ambazo hakuna aliyetaka kuzitaja. Walichotaja ni kwamba aliingia kwa nafasi walizotengewa watu wa msituni. Aliyetaja zaidi ni Bhanupratap Baghel wa mwaka wa tatu, ambaye baba yake ndiye mkandarasi aliyelijenga bweni lile na nyufa zake. Kila jioni Bhanu alimwamuru Tikaram awe jogoo: achuchumae, apitishe mikono nyuma ya magoti, ajishike masikio, makalio juu. Watoto wetu huadhibiwa hivyo shuleni kwa dakika chache. Tikaram alikaa hivyo mpaka kengele ya chakula.

Jioni moja ya wiki ya kwanza aligoma. "Leo sichuchumai, kaka," alisema. "Nimekuja kusoma."

Walimkunja kama godoro. Bhanu akamwekea kikombe cha chai ya moto mgongoni, akamwinamia sikioni. "Jogoo la shamba," akamwambia. "Tuone kama hapa mjini utawika."

Akawika. Ilikuwa alfajiri ya Agosti, mvua ikinyesha, na aliwika vizuri, kwa pumzi ndefu. Zubair Mansuri, aliyelala kitanda cha pili, mtoto wa fundi cherehani, mwenye kigugumizi kikali, aliwasha taa. Akamwona mwenzake ameota upanga wa jogoo utosini, mwekundu, wenye meno-meno, na vipande viwili vya nyama vikimning'inia chini ya kidevu. Zubair akampa kioo, akangoja amalize kujitazama, kisha akakichukua akanyoa ndevu.

Mpishi alifurahi, kwa kuwa saa ya jikoni ilikuwa imekufa muda mrefu. Msimamizi wa bweni, Profesa Dubey, alikuja na mwavuli wake, akauangalia ule upanga kutoka pande zote. Alisema kanuni zinakataza kufuga kuku bwenini, lakini hazisemi lolote kuhusu mwanafunzi aliyelipa ada, kwa hiyo Tikaram angebaki, ila ahamishie kitanda verandani ili sauti itoke nje. Tikaram alimweleza waziwazi nani aliyemfanya awe vile, na kwa namna gani. Profesa alijibu kwamba maumbile ya mtu ni jambo la familia yake.

Familia yake ilikuja Septemba. Mama yake, Sukhwati, alifika kwa treni ya asubuhi na kifurushi cha maua ya mti wa mahua yaliyokaushwa. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote. Aliushika upanga wa mwanawe kwa vidole viwili, akaubonyeza, akasema una damu nzuri. Halafu akamwambia avue viatu, akaona miiba miwili migumu imeanza kuchomoza juu ya visigino. Akauliza mtu huchuchumaa muda gani mpaka aote hivi. Alipoambiwa, alimrudishia viatu.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema.

"Nikiondoka, mama, watasema hatuwezi."

"Wameshasema."

"Wamesema. Lakini bado nimo."

Sukhwati alirudi peke yake na treni ya jioni. Kabla hajaondoka alimtafuta Bhanu, akamkuta kantini, akasimama mbele ya meza yake akimwangalia usoni. Bhanu akamwita mhudumu aje amwondoe yule ombaomba.

Mwezi wa Novemba ikaja kampuni ya sinema kutoka Bombay. Walikodi chuo kizima kutengeneza filamu ya kuchekesha, juu ya wanafunzi wasio na mbele wala nyuma wanaosimama kuwapinga waonevu wa chuo. Ndani yake kulikuwa na mnene, mwenye kigugumizi, mshamba, na msichana mrefu kupita kiasi. Habari hiyo iliwafurahisha Tikaram na rafiki zake. Zubair alikuwa na kigugumizi. Lovekesh alikuwa mnene kiasi kwamba korido nzima ilimwita Tangi. Pushplata Ahirwar, aliyesoma nao darasa moja na kulala kwa shangazi yake mjini, alikuwa mrefu kuliko walimu wote, na wavulana walimpigia mluzi wakimwuliza hali ya hewa huko juu. Walikwenda wote wanne kuomba kazi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hawakuhitaji kufundishwa.

Mwongozaji, Bwana Kaushal, aliwatazama kwa huruma. Aliwaambia kwa upole kwamba wao ni wa kweli mno, na mtu aliyelipa tiketi lazima aoneshwe nyuso anazoweza kuzivumilia saa mbili. Nafasi zile akawapa Bhanu na wenzake, wenye meno meupe na mabega. Bhanu akawa mshamba. Mwenzake mmoja akafungwa mto tumboni awe mnene, na ikabidi Lovekesh amwazimishe shati lake. Mwingine alimfuata Zubair asubuhi nzima, akimwuliza hili na lile, mpaka akakijua kigugumizi barabara. Msichana mrefu alikuwa mwigizaji mashuhuri wa Bombay, mfupi, aliyesimamishwa juu ya kreti. Tikaram na rafiki zake walipewa kazi ya waonevu, maana waonevu hawana maneno mengi.

Bwana Kaushal aliupenda ule upanga. "Nani kakufanyia mekapu?" akauliza.

"Kaka Bhanu," Tikaram akajibu.

Bwana Kaushal akaenda akampa Bhanu mkono wa pongezi.

Siku ya kupiga picha za tukio kubwa, mwongozaji hakuridhika na maneno aliyoandikiwa. Aliwauliza wanafunzi: mtu aliyeonewa mpaka akachoka, husema nini? Bhanu akawaza kidogo, akasema yeye anakumbuka kitu. Bwana Kaushal alipokisikia alifumba macho kwa raha. Basi wakamwekea Bhanu mto mwororo, akachuchumaa juu yake kwa muda wa kumeza mafunda mawili ya maji, kisha akainuka polepole machozi yakimtoka. "Leo sichuchumai," alisema. "Nimekuja kusoma." Mafundi wa taa walipiga makofi. Profesa Dubey, aliyekuja kutazama, alijifuta macho kwa leso.

Tikaram alitoka kwenye mstari wa waonevu. "Hayo ni maneno yangu," alisema, si kwa sauti kubwa.

Bhanu alitabasamu bila kugeuza uso kutoka kwenye kamera. "Basi njoo uyachukue, mshamba."

Tikaram akaruka. Aliruka juu kupita taa zao, akatanda huko juu kitambo, viatu vikamdondoka, kisha akashuka ametanguliza miguu. Miiba ya visigino ilimchana Bhanu kutoka kwenye nyusi hadi taya. Yule mwenye mto tumboni alikimbilia kumshika Tikaram, Lovekesh akamkalia. Yule aliyejifunza kigugumizi alianza kutukana, na Zubair akamjibu tusi refu, la kizazi kwa kizazi, bila kukwama hata kwenye herufi moja. Mwenzi mwingine wa Bhanu, aliyekuwa akitazama tu, alipojaribu kumshika Pushplata nywele, alikuta nywele ziko mbali na kreti iko karibu. Aliangushwa kwa kreti hiyo. Kwa muda wa chai kuchemka, wanyonge wa kweli waliwapiga waonevu wa kweli, mchana kweupe, mbele ya kamera mbili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokodishwa kuwa umati waliinua macho kutoka kwenye vifungo vyao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewasalimu.

Bwana Kaushal hakuzima kamera. Jioni alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata picha safi namna ile.

Filamu ilifika katika jumba la sinema la Sarnagarh baada ya sikukuu ya Holi. Foleni ilizunguka soko la vitunguu. Sukhwati alikuja na wanawake wa kijijini kwake, wakakaa safu ya mbele na mwanawe kando yake, shuka kichwani. Kwenye pazia kila kitu kilikuwepo, ila kilikuwa kimepangwa upya. Vijana wema, wanyonge, wamekaa wanasoma. Ghafla wanavamiwa na genge katili linaloongozwa na kiumbe chenye kichwa cha jogoo, ambacho kinaruka na kumchana mshamba usoni. Damu inamtoka. Ndipo mshamba anainuka, anasema leo hachuchumai, amekuja kusoma, na wenzake wanalishinda genge lile kwa vituko vya kuvunja mbavu. Lovekesh alipoonekana akimkalia mtu, ukumbi mzima ulimzomea. Watoto waliwika. Mzee mmoja safu ya nyuma, mtu mzima mwenye miwani, alipiga kelele kwamba huyo jogoo achinjwe, na watu wakamcheka kwa furaha.

Sukhwati alitazama mpaka mwisho. Nje, chini ya taa ya mkokoteni wa muuza karanga, mwanawe alimwuliza ameona nini.

"Nimekuona umeruka," alisema.

"Wote wameona, mama."

"Hapana. Wao wameona sinema."

Wiki iliyofuata kamati ya nidhamu ya chuo iliketi. Haikuhitaji mashahidi, kwani ushahidi ulikuwa ukioneshwa mjini mara nne kwa siku. Wanne wale walipatikana na hatia ya fujo na uonevu, na wavulana watatu wakafukuzwa bwenini. Walihamia chumba cha nyuma ya karakana ya Mansuri mmoja, ndugu wa baba yake Zubair, ambako jirani zao walilalamika kuhusu kuwika, kisha wakazoea. Kovu la Bhanu lilimpendeza. Picha yake ilichapwa kwenye mabango mapya, akatajwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wanafunzi ya kupinga uonevu. Katika mitihani ya mwisho wa mwaka Tikaram alikuwa wa kwanza. Chuo kilitangaza majina kuanzia wa pili.

Julai mvua zikarudi na wanafunzi wapya. Siku ya kuwakaribisha walioneshwa ile filamu kwenye ukumbi mkubwa, ili wajue wamefika chuo cha namna gani. Walicheka sana. Bhanu aliwahutubia akawaambia mlango wake uko wazi kwa kila mnyonge. Saa kumi na moja walikunywa chai, wakasuuza vikombe, wakaelekezwa korido ya chini.

Miongoni mwao alikuwemo kijana aitwaye Hemlal Koshta, mtoto wa wafumaji, mwenye sauti ndogo. Bhanu alimwagiza awe kiti. Alikuwa kiti kila jioni, magoti yamekunjwa, mgongo wima, mikono mbele kwa ajili ya viwiko vya wakubwa. Ilipoingia Agosti mgongo wake ulikuwa mbao, mbao nzuri ya msaji yenye mistari, na miguu ilikuwa imenyooka ikawa minne.

Tikaram alizipata habari hizi kwa Zubair, na Zubair kwa mpishi. Hawakushauriana sana. Wote wanne, Pushplata akiwemo, walikwenda ofisini kwa Mkuu wa chuo asubuhi, wakavua viatu mlangoni.

Mkuu aliwapokea vizuri. Siku hizo ofisi yake ilikuwa na wageni wengi na viti vichache, kwa hiyo Hemlal alikuwa ameshaletwa huko, akawekwa mbele ya meza, mgongo dirishani. Zubair akaeleza. Alichukua muda mrefu, maana hasira ya tusi ilikuwa imepita na ulimi umerudia kukwama, lakini alieleza yote, ya jogoo na ya kiti, kwa majina. Mkuu hakumkatiza. Alipomaliza, Mkuu alisema malalamiko ya aina hiyo yanayo njia yake, na njia yake ni kupitia kwa mwenyekiti wa kamati, Bhanupratap, kijana mwelewa sana. Kisha akaona kwamba Pushplata amesimama muda wote huo, naye Mkuu alikuwa mtu wa adabu kwa wanawake.

"Keti, binti," alisema. "Kiti hicho ni imara."

Hemlal alimwangalia yule binti. Macho yalikuwa bado hayajawa mbao. Pushplata alibaki wima, kichwa chake karibu na feni, akasema yeye hatakaa. Lovekesh naye akasema hatakaa.

Mkuu alitikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi hawajui kupokea heshima. Akazunguka meza, akaketi yeye kitini, akaviweka viwiko juu ya mikono ya Hemlal, akawaomba wafunge mlango wakitoka.

Tikaram akaenda akaufunga, miiba ya visigino ikigonga sakafu. Wote wanne walikuwa bado ndani.