Kochi la Chumba cha Mahojiano

Asubuhi hiyo mtafiti alipangusa kochi, akaweka jagi la maji na bilauri mbili, akakagua kamera. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi wanandoa wanavyozungumza, na kochi lile lilimrahisishia mambo. Mke na mume wakiketi, lilirefuka kwa kadiri walivyokuwa mbali. Waliopendana liliwabana magoti. Wengine liliwasukuma hadi ukutani, nao wakapaza sauti kidogo na kuendelea kujibu maswali.

Wanandoa wa kwanza hawakutokea. Msaidizi alitaka kujaribu kamera, na mume wa mtafiti alikuwa pale mapokezi, amemletea mkewe miwani aliyoisahau.

"Shemeji, hebu kaa hapo na dada mara moja," msaidizi alimwomba.

"Mganga hajigangi," mume akasema kwa utani, akaketi kando ya mkewe.

Kochi likaanza kurefuka. Lilipofika mlangoni, msaidizi aliufungua wote lisije likakwaruza rangi. Likakata kona, likashuka ngazi. Mume alikwenda nalo, mguu juu ya mguu, akiwasalimia waliompisha. Mtafiti alisikiliza salamu zile zikififia. Hakukumbuka ni lini yeye alisalimiwa kwa uchangamfu kama ule.

Baadaye simu yake ikaita.

"Daktari," mume alisema. Hata nyumbani alimwita hivyo. Zamani ulikuwa utani. "Bado linakwenda. Nimeshapita soko."

"Uko salama?"

"Salama tu. Huku kuna kivuli."

Mtafiti alitaka kumwambia arudi. Badala yake akauliza, "Unanisikia lakini?"

"Nakusikia vizuri. Ila kutoka hapa nyumbani si mbali. Naona nishuke tu."

"Haya, mzee."

Kochi likarudi taratibu, tupu, likiwa na vumbi la barabarani. Msaidizi alizima kamera.

"Dada, na nyinyi niwaingize kwenye utafiti?"

"Tuingize. Usitaje tu ni akina nani."

Jioni alikuta chakula chake kimefunikwa mezani. Mume alikuwa akitazama mpira.

"Mlipata mlichokuwa mnatafuta?" aliuliza bila kugeuka.

"Tulipata."

"Hongera."

Akapunguza sauti ya televisheni ili mkewe ale kwa utulivu. Mtafiti akafunua sahani, akashika kijiko, akasubiri aulizwe swali la pili, hadi chakula kikapoa.