Benchi la Marehemu

Mchwa hawana adabu. Benchi la useremala la marehemu mume wangu, tulilolihamishia uani alipofariki, walilianza miguuni kimyakimya, na nilipogundua, bandu bandu ilikuwa imeshakaribia kumaliza gogo. Nikanunua chupa ya dawa kali, nikatoka nayo uani hasira zimenipanda.

Nikamkuta wifi yangu, dada yake marehemu, amechuchumaa pale pale na panga. Anabandua mbao zilizooza, anawakung'utia kuku wake mchwa. Kuku wanagombana kama wageni waliocheleweshewa chakula.

"Hilo benchi la kaka yako unawalisha kuku?"

"Kufa kufaana, wifi. Weka chupa chini."

"Nitaiweka nikishawamaliza hawa mchwa."

"Haya, wamalize. Kuku watakula mchwa hao pamoja na dawa yao. Na yule ndani atakula nini?"

Yule ndani ni mjukuu wangu. Homa ilimwacha mifupa mitupu, na chakula pekee alichokubali kumeza ni yai, la kuku hawa hawa. Nikaifuata ile dawa kwa akili: kwa mchwa, kwa kuku, kwenye yai, kinywani mwa mtoto. Nikakaa chini.

Nilipokuwa pale chini nikaifuata njia ile ile tena, safari hii bila dawa. Jua liliulisha mti, mti ukawa benchi, benchi likawa mchwa.

"Lakini benchi zima, wifi, kwa mayai machache?"

"Kuku nao wanaishi. Wanakimbia, wanatafuta joto, wanapiga kelele kama wewe. Vyote hivyo vinataka chakula. Kinachobaki ndicho kinachokuwa yai."

Nilicheka nisipende. Chupa nikairudisha dukani siku ile ile. Kisha nikachukua panga, nikabandua mwenyewe ubao wa juu, pale mume wangu alipozoea kuegemeza kiwiko akipumzika kupiga randa. Nilimshukuru kwa sauti, wifi akajifanya hasikii.

Jioni mtoto alimaliza yai lake, akalamba kijiko, akaomba jingine. Machozi yakanitoka mbele yake.

"Bibi, unalia nini?"

"Nashukuru. Babu yako amekulisha."

Akafikiri kidogo. "Amebakisha?"

"Amebakisha," nikamwambia. "Bado miguu miwili."