Picha Iliyoota Ndevu

Baada ya miaka thelathini ya kunyoa vichwa vya watu, kinyozi alistaafu, na mikono ikaanza kumwasha. Siku moja akaloweka gunia, akalitandaza juu ya ubao, akapanda mbegu za haradali kwa kibano, moja moja, kufuata sura ya mkewe. Zilipochipua alishtuka mwenyewe. Mama watoto huyo hapo, kijani kibichi, anamtazama kwa lile jicho la "umeacha tena taa inawaka".

Mkutubi wa maktaba ya mtaa akampa ukuta mzima kwenye maonyesho ya Jumamosi. Picha ikatundikwa Ijumaa. Usiku huohuo bomba likapasuka, maktaba ikafungwa siku sita. Kinyozi akabembeleza aruhusiwe kuingia na mkasi, dakika tano tu. Mafundi wakamwambia humo ndani hakuna wa kunyolewa.

Siku ya ufunguzi mkewe alikuja na gauni jipya, wadogo zake wawili nyuma. Kitambaa kilichofunika picha kikavutwa. Unyevu ulikuwa umefanya kazi yake: ndevu zimefika kifuani, nyusi zimefunika macho, na puani kumechomoza mambo yasiyosemeka.



"Huyu ndiye mimi?" mkewe akauliza, polepole, kwa ile sauti ya hatari.

"Ni wewe, mama watoto. Umezidi kidogo tu."

Akachomoa mkasi mfukoni. Hapo shemeji yake mdogo akapiga ukelele: "Jamani, baba!"

Kweli kabisa. Marehemu baba mkwe mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza, na zile ndevu alizokataa kata kata ziguswe na kinyozi yeyote, hata mkwewe. Mke akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka machozi. Kinyozi akanyoosha mkasi apunguze nyusi kidogo.

"Thubutu!" Mkewe akamdaka mkono. "Uhai wake wote ulizimezea mate ndevu hizo. Mwache baba yangu."

Wiki ile ukoo mzima ulimiminika maktaba. Shangazi mmoja aliingia, akasema "shikamoo", akaketi kabisa kusubiri jibu.

Mkutubi akamnong'oneza kinyozi: "Mzee, kibao kinasema 'Mke Wangu'. Nikibadilishe?"

Kinyozi akamtazama mkewe, aliyekuwa amepanda kiti, anamnyunyizia baba yake maji kwa kikombe cha ofisi.

"Muulize yeye," akasema. "Mimi nimeshaponea chupuchupu mara moja."